Kuku wa Wageni kutoka Misri

Mgeni haulizwi safari kabla hajala. Hiyo ndiyo sheria aliyokulia Sella kwao Kakamega, na ndiyo sheria ambayo mama mkwe wake, Nereah, aliisafirisha hadi Kibera pamoja na mwiko wake wa ugali. Mtu akivuka kizingiti chako unampa kiti, unampa maji ya kunawa, unampa chakula. Akishapangusa mdomo ndipo unamuuliza, "Haya, huko mlikotoka ni kwema? Mmekuja na neno gani?" Kumuuliza kabla ya hapo ni kumwambia kwamba unamwonea choyo.

Sella aliiheshimu sheria hiyo, ingawa ulimi wake haukuwa na breki. Alikuwa mpishi mkuu katika kantini ya Kilele, kampuni ya sabuni iliyokuwa na kiwanda na makao makuu ndani ya ua mmoja pale Kawangware. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwake mtaa wa Soweto, humo humo Kibera, akapandisha Makina, akavuka Barabara ya Ngong na kuteremkia Kawangware kwa miguu, na kufika akiwa tayari ameshagombana na mtu mmoja au wawili njiani. Mkurugenzi akichelewa kula, alimwambia. Nyama ikiletwa mbovu, aliirudisha na aliyeileta. Wafanyakazi walimpenda kwa hilo, na wakubwa walimvumilia kwa sababu ya chapati zake.

Mwaka ule, mvua za El Nino zilipokwisha kung'oa barabara nusu ya jiji, uvumi ulianza kwamba Kilele inataka kuhama. Mkurugenzi, Mzungu mrefu aliyeishi Kenya miaka mingi, aliwaita wafanyakazi uwanjani akawaeleza habari za kodi nzito, umeme unaopotea na malori yanayozama matopeni. Kila sentensi ya tatu alirudia maneno mawili kama mtu anayepiga kengele: mazingira ya biashara. Mazingira ya biashara si mazuri. Bodi inaangalia mazingira ya biashara. Kisha akaondoka bila kusema kama wanahama au hawahami.

Wiki iliyofuata Benard aliingia jikoni. Benard ndiye aliyekuwa afisa wa wafanyakazi, mtu wa kijiji kimoja na Boaz, mume wa Sella. Alikuwa na tai nyekundu na tabia ya kufunua sufuria za watu.

"Mama Joan, hapa kunanukia mbinguni," alimwambia Sella.

"Funika hiyo sufuria. Mbinguni hukuitwa bado. Sema, tunahama ama hatuhami?"

Benard aliangalia mlango, akashusha sauti. "Wageni wanakuja kutoka Misri. Wakubwa kabisa. Bodi itaamua wakisharudi kwao. Wakifurahi na sisi, wakiona watu wenye roho safi na kazi safi, mimi naona makao makuu yatabaki hapa. Wakinuniwa…" Alimalizia kwa mabega.

Gathoni, aliyekuwa akimenya viazi, aliinua kichwa. Alizaliwa Kawangware hapo hapo na hakuamini kitu mpaka akiume kwa meno. "Na Misri inahusu nini na sabuni yetu?"

"Hayo ni ya wakubwa. Nyinyi kazi yenu ni kuwapokea. Watu wa kiwandani wawaonyeshe kila kitu, wasifiche hata nati. Na msiwachoshe na maswali." Akamgeukia Sella kwa tabasamu la nyumbani. "Wewe mwenyewe unajua kwetu, Mama Joan. Mgeni haulizwi."

Sella alikuwa na maswali kinywani kama njugu, lakini aliyameza. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikiweka sufuria yake mwenyewe jikoni, kwa maana Boaz alikuwa fundi seremala wa kandokando ya Barabara ya Ngong, na mtu hanunui kabati wakati anatafuta unga. Tena hakuwa peke yake. Kulikuwa na Gathoni, kulikuwa na Awiti wa mtaa wa Silanga aliyeosha vyombo huku akiimba, na nje ya jikoni walikuwepo wanaume na wanawake wa kiwanda kizima. Kama kuku na kunyamaza vingeokoa kazi hizo, basi angepika na angenyamaza.

Wageni walikuja. Walikuwa watu wazuri, na hilo ndilo lililomuuma Sella baadaye kuliko kama wangekuwa wabaya. Mkubwa wao, mhandisi aliyeitwa Fathi, alikuwa na kitambi na kicheko, na alishukuru kwa kila kikombe cha chai. Siku nzima walitembea kiwandani na tepu za kupimia. Wafanyakazi waliwashikia tepu. Waliwapandia ngazi, waliwafungulia mashine, wakawaeleza ipi hugoma kwenye baridi na ipi hutaka kubembelezwa. Mzee wa mapipa ya kuchemshia aliwaonyesha hata namna ya kusikiliza sabuni ikiiva. Watu walifanya hayo kwa moyo, wakijua wanaokoa kibarua.

Jumamosi Benard alirudi jikoni na habari mpya: Bwana Fathi angependa kula nyumbani kwa mfanyakazi mmoja kabla ya kuondoka. Na nani mwingine kama si Mama Joan?

"Kwangu? Soweto? Na huo mtaro uliofurika?"

"Hapo ndipo roho safi inapoonekana."

Basi Sella alinunua jogoo wawili wa kienyeji. Kwa kuwa wageni walikuwa Waislamu, aliwabeba kwapani hadi Makina, kwa Mzee Ramadhani aliyekaa nyuma ya msikiti. Mzee aliwageuza kibla, akawachinja kwa bismillahi, na Sella alipotaka kumpa chochote alikataa. "Hii ni ya mgeni, binti yangu. Mgeni wako ni wangu pia. Nenda kapike."

Jumapili baada ya kanisa nyumba yake ya mabati ilijaa viti vya majirani. Awiti alileta sahani zisizo na nyufa. Boaz alitandaza mbao juu ya mtaro ili wageni wasichafue viatu. Nereah alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, amejifunga kitambaa cha kanisani, akitabasamu kwa kila aliyeingia.

Kuku akaletwa na ugali wake. Sasa, kwa Waluhya firigisi si kipande cha nyama tu. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke akiandaa kuku, kile kinyama kigumu kinakaa juu ya vyote kikimwangalia bwana, na hakuna mkono mwingine unaokigusa. Mwenye nyumba akikitoa kwa mwingine, amempa kiti chake mwenyewe. Mkurugenzi pia alishalijua hilo. Benard alimfundisha, na kila karamu ya Krismasi kampuni ilimpa firigisi mbele ya watu wote, naye akaitafuna na kusema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Mimi sasa Mluhya kabisa," na watu wakapiga makofi.

Siku hiyo Boaz alichukua firigisi moja akampa Fathi. Ya pili aliishika kidogo kwenye kijiko, kisha akaiweka kwenye sahani ya Benard. "Ndugu yangu, wewe ndiye uliyesimama kwa ajili yetu."

Benard aliila. Sella alimwona akiila, akitafuna taratibu na macho yake chini kwenye ugali.

Walikula wakashiba. Maji ya kunawa yakapita. Fathi akashika tumbo akasema kwa Kiingereza kwamba hata kwa mama yake hajala hivyo. Hapo Nereah akasogeza kigoda chake mbele. Saa yake ilikuwa imefika.

"Sella, waulize wageni. Sasa wameshiba. Huko kwao ni kwema? Wametuletea neno gani?"

Benard aliinuka haraka. "Mama, wacha mzee apumzike, njia ni ndefu, tena gari—"

"Kaa chini," Nereah akasema. "Nimengoja tangu asubuhi kuuliza."

Sella alilitafsiri swali kwa Kiingereza alichokipata chuoni, neno kwa neno. Fathi alifurahi kuulizwa. Alijibu taratibu, kwa heshima, akimwangalia mama mzee usoni. Alisema huko kwao ni kwema, Mungu ashukuriwe. Alisema kazi yao imekwisha na mashine zote zimepimwa, nazo zitapakiwa melini Mombasa kabla ya Pasaka. Serikali yao imeipa kampuni miaka mingi bila kodi, na jengo jipya la makao makuu linapakwa rangi. Alisema hajawahi kuona watu wenye moyo kama huu, wanaoweza kumfundisha kazi yao yule anayekuja kuichukua, na tena wakamchinjia kuku. Bwana Benard amemweleza kwamba wote walikwisha kukubaliana kwa amani.

Nje redio ya jirani ilikuwa ikiimba kwaya.

"Amesema nini?" Nereah akauliza.

Sella alimwambia. Hakupunguza wala hakuongeza.

Mama mzee alikunja na kukunjua ncha ya kitambaa chake. "Nimesoma Biblia miaka yote," akasema mwishowe. "Nilijua watu hutoka Misri. Sikujua Misri huja ikakufuata mpaka Soweto, ikala kuku, ikaondoka na mashine."

Fathi aliangalia nyuso zao moja baada ya nyingine, na kicheko kikamfutika usoni. "Hamkujua?" akamuuliza Sella. Alipoona jibu, alimgeukia Benard akamwangalia kama mtu anayeangalia kitu kilichomwagika. Kisha akasimama, akaweka mkono kifuani, akamwomba Nereah radhi. Nereah aliukubali mkono wake. Alikuwa mgeni. Walimsindikiza hadi kwenye gari kama inavyopasa, Boaz akamshika mkono juu ya zile mbao za mtaro.

Benard naye alitaka kuingia garini. Sella alimshika tai.

"Wewe unabaki kidogo."

"Mama Joan, watu wanaangalia."

"Waangalie. Ulijua?"

"Niliambiwa ninyamaze mpaka kazi ya kupima iishe. Mngegoma. Mngefanya nini kingine? Mashine zingeharibiwa."

"Kwa hivyo ukachukua adabu ya mama yangu ukaifanya kufuli ya mdomo wangu. 'Mgeni haulizwi.' Na firigisi ya mume wangu ukaimeza!"

"Nisikilize. Si mimi niliyeamua. Kodi zimewashinda. Umeme kila saa unapotea. Barabara unaziona mwenyewe. Ni mazingira ya—"

"Usiseme hilo neno hapa! Kodi gani zimewashinda? Walipokuja walipewa kiwanja na miaka ya kufanya kazi bila kulipa kitu. Miaka ilipokwisha wakalia, wakaongezewa mingine. Mimi mshahara wangu unakatwa kabla sijauona. Nikinunua mafuta ya taa kodi imo ndani. Sukari, imo. Hata hiyo sabuni ambayo nawapikia wapishi wake, nikiinunua dukani kodi imo! Umeme unapotea? Kwangu haujawahi kuja ili upotee. Barabara mbaya? Wao wanapita kwa gari, mimi napita kwa kidole gumba cha mguu. Mazingira ni yale yale, Benard. Mbona mimi sijahama?"

"Utahamia wapi?"

"Hapo sasa! Sina pa kuhamia, kwa hivyo mimi ndiye nalipa. Wao wana pa kuhamia, kwa hivyo wanabembelezwa. Enda. Enda kabla sijakuvua hiyo tai."

Jumatatu habari ilifika kiwandani kabla ya king'ora. Watu waligoma, wakakaa uwanjani, wakaimba. Mkurugenzi aliwahutubia kutoka dirishani. Chama cha wafanyakazi kilituma mtu aliyezungumza sana, akanywa chai, akapanda ofisini kuonana na wakubwa na kuteremka akiwa mpole kama kondoo. Kilichopatikana ni kile ambacho sheria ingewapa hata wangekaa kimya. Lango lingefungwa Aprili. Wachache wa ofisini wangeenda na makao makuu. Jikoni hakuna aliyetajwa.

Halafu ikaja ile amri. Kutakuwa na chakula cha mchana cha kuagana. Bodi itakuwepo, na wakubwa wawili wa serikali, na wafanyakazi wote wataketi nyuma. Mkurugenzi ameomba kuku wa kienyeji wa Mama Joan.

Gathoni alitupa kisu kwenye karai. "Wanatuzika, na tuwapikie matanga! Mama Joan, mimi nawatilia pilipili ya kuwafikisha Misri kwa miguu."

"Chumvi," Awiti akashauri. "Gunia."

"Hapana," Sella akasema. "Hatuharibu chakula. Kuku hajatukosea. Tutapika vizuri kuliko siku zote, waseme wenyewe." Alifuta mikono kwa aproni. "Lakini firigisi zote, mkizitoa, msizitie sufuriani. Ziwekeni kando."

Awiti hakuwa Mluhya lakini alikuwa ameishi nao jirani muda wa kutosha. Alianza kucheka pole pole.

Siku ilipofika ukumbi ulipambwa kwa maputo. Kuku walipendeza, wamekaangwa kwa mafuta yao, wamezungukwa na mboga za kunde na ugali mweupe. Hotuba zilisomwa. Mkubwa mmoja wa serikali alisifu miaka ya urafiki. Mkurugenzi alisema moyo wake utabaki Kenya, na nyuma mtu mmoja akasema kwa sauti, "Basi utuachie na mashine," watu wakacheka na askari wa lango wakatazamana.

Sella mwenyewe alipeleka sinia ya meza kuu. Mkurugenzi alikunja mikono ya shati, akasimama ili watu wamwone, akachukua kijiko kikubwa. Aligeuza paja, akageuza kidari, akachungulia chini ya mgongo. Benard, aliyekaa pembeni yake, alikuwa ameshaona. Uso wake ulikuwa umeingia jivu.

"Mama Joan," Mkurugenzi akasema kwa furaha, kwa Kiswahili, ili ukumbi usikie, "firigisi yangu iko wapi? Mimi ni Mluhya!"

"Imehama, Bwana Mkurugenzi."

"Imefanya nini?"

"Imehama. Tuliitunza tangu ikiwa yai. Tuliilisha, hatukuidai kitu. Leo imeangalia mazingira ya sahani yako, ikaona hayaifai, ikahama."

Kisha kicheko kilianzia kwa watu wa mapipa kule nyuma, kikaja meza kwa meza kama moto wa nyasi, watu wakapiga sahani kwa vijiko. Mkurugenzi naye alicheka kidogo, kwa kuwa hakuelewa, akamgeukia Benard amweleze. Benard hakumweleza. Angeanzia wapi? Mtu anayeandaliwa kuku asiye na firigisi ameambiwa hana nyumba hapa. Hakuna tusi lililotamkwa, na hakuna tusi linalolizidi.

Mmoja wa wale wakubwa wa serikali alikuwa mzee wa Mumias. Aliweka mkono wake chini, tonge halijafika mdomoni. Aliangalia sinia, akamwangalia Sella.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hii nyumba imefanya nini?"

"Imekula kwangu, mzee, ikaninyima neno. Na nyinyi mliipa miaka bila kodi, halafu mkaja kwangu kuijaza hiyo nafasi kwa mshahara wangu. Kula, mzee, usiache kipoe. Wewe ni mgeni. Nitakuuliza ukishashiba."

Mzee hakula tena. Sella aliweka bakuli la mchuzi mezani pasipo kumwaga hata tone, akarudi jikoni.

Huko Gathoni alikuwa ameziunga firigisi kwa nyanya na dania. Zilijaa bakuli zima. Wanawake wa zamani kule kwao magharibi hawakuruhusiwa hata kuonja kuku, achilia mbali firigisi, na Sella mwenyewe hakuwahi kuitia mdomoni maishani mwake. Alichukua moja. Ilikuwa ngumu, yenye chumvi, na ilitaka meno. Aliitafuna mpaka mwisho. Mbili alizifunga kwenye karatasi awapelekee Nereah na Boaz.

Mlango ukafunguka. Benard alisimama pale, tai mkononi. Wanawake watatu walimgeukia.

"Wamesoma majina ya wanaoenda Misri," akasema. "Wamesoma sasa hivi, baada ya keki." Alikohoa. "Mimi simo."

Awiti alianza kuimba polepole kwenye karai lake, wimbo wa kanisani. Gathoni alimkanyaga mguu anyamaze, lakini yeye mwenyewe alikuwa akijikaza asicheke.

Sella alitaka kumwambia mengi, na yote aliyastahili. Lakini mtu alikuwa amevuka kizingiti, na alikuwa hajala. Alivuta stuli kwa mguu.

"Kaa."

Benard akakaa. Macho yake yalienda yenyewe kwenye bakuli.

Sella alilivuta bakuli upande wake. Akafungua sufuria, akapekua chini kabisa, penye vile vipande vinavyoachiwa watoto, akamwekea juu ya ugali.

"Imebaki shingo," akasema. "Nawa mikono."